Vijiti vikirudi sandukuni, kichwani kinabaki nini?

Ukurasa wa maswali ya wasomaji: kujifunza kwa vitendo katika madarasa ya mwanzo

Barua za mara hii karibu zote zimegusa jambo moja, kazi ya mikono katika darasa la kwanza na la pili. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana ndani yake mna jibu la barua nyingine nyingi ambazo nafasi haikutosha kuzichapa.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili na huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Chuoni tulisisitiziwa sana zana, kwa hiyo kila mtoto wangu ana vijiti vyake vya kuhesabia. Wakiwa na vijiti wanapata hesabu zote za kutoa. Nikisema wekeni vijiti, fungueni madaftari, 32 kutoa 17, nusu ya darasa wanaandika 25. Je, niwaachie vijiti hadi kwenye mtihani, au vijiti ndivyo vinavyowadumaza? — Mwalimu mpya

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo 25, maana haikutoka hewani. Mtoto ametazama safu ya mamoja akaona 2 juu na 7 chini. Anajua 2 haitoi 7, basi akageuza, 7 kutoa 2 akapata 5. Akahamia makumi, 3 kutoa 1 akapata 2. Amefuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, na ameifuata kwa uaminifu kabisa. Kinachomkosesha ni kwamba ile 3 kwake ni tatu tu. Haioni kuwa ni makumi matatu, wala hajui kwamba kumi moja linaweza kuvunjwa likawa mamoja kumi.

Sasa jiulize alipokuwa na vijiti alifanya nini. Ukikaa karibu naye ukamwangalia bila kusema, utaona amehesabu vijiti thelathini na viwili kimoja kimoja, akaondoa kumi na saba kimoja kimoja, kisha akahesabu vilivyobaki. Amepata 15 na wewe umempa tiki. Lakini katika safari yote hiyo mkono wake haukukutana na kumi hata mara moja. Vijiti vimemfundisha kuhesabu, jambo alilokuwa analijua, na daftari linamdai jambo jingine kabisa. Ndiyo maana vijiti na daftari havisalimiani.

Hilo ndilo ningependa kila mwalimu wa madarasa ya mwanzo alitazame kabla ya kubeba zana yoyote: je, kitendo cha mkono kinafanana na wazo unalotaka liingie kichwani? Kama wazo ni kuvunja kumi, basi mkono uvunje kumi.

Kwa hiyo vijiti vifungwe. Mpe kila mtoto vipande vya uzi au mipira midogo, na afunge mwenyewe. Usimletee mafungu uliyoyafunga nyumbani usiku. Najua inaokoa muda, lakini fungu ambalo mtoto hakulifunga ni kijiti kinene tu, hajui ndani kuna nini. Kwa siku kadhaa usiguse kutoa. Fungeni na kusema: vijiti 32 ni mafungu matatu na vijiti viwili pembeni. Vijiti 40 ni mafungu manne na pembeni hakuna kitu, na hiyo sifuri ndiyo inayosema hakuna kitu. Vijiti 23 na vijiti 32 viwekwe mezani vikitazamana, watoto waeleze kwa nini vyote vina 2 na 3 lakini havilingani.

Halafu ndipo uwape 32, uwaambie waondoe kumi na saba, waanze na ile saba. Mtoto atatazama vile viwili vilivyo huru. Atakwama. Hapo nakuomba unyamaze, hata kama mkuu wa shule amesimama mlangoni. Usimwambie afungue fungu, kwa sababu ukimwambia umemnyang'anya somo lenyewe. Atokee mtoto mmoja aulize, "Mwalimu, naweza kufungua hili?" Akishauliza, wengine wote watasikia swali kutoka kwa mwenzao. Akifungua, ana mafungu mawili na vijiti kumi na viwili. Anaondoa saba, vinabaki vitano. Anaondoa fungu moja la ile kumi ya 17, linabaki moja. Kumi na tano. Kile tunachokiita kukopa, na ambacho watoto wengi hukichora juu ya namba bila kujua wamekopa kwa nani, sasa wamekifanya kwa vidole vyao.

Usiruke kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye tarakimu. Katikati kuna picha. Fungu lichorwe kama mstari mrefu wa kusimama, kijiti kimoja kiwe nukta. Thelathini na mbili ni mistari mitatu na nukta mbili. Kuvunja kumi ni kufuta mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Watoto wakishazoea, wapange wawili wawili: mmoja anashika vijiti, mwenzake anaandika kwa tarakimu kila kinachotokea, hatua kwa hatua, wakati ule ule. Aliyeshika vijiti haruhusiwi kuendelea mpaka mwandishi amemaliza kuandika. Kisha wabadilishane. Mimi naamini kazi hii ya wawili inafaa kuliko zana yoyote ya kununuliwa, kwa kuwa ndiyo inayofunga kamba kati ya mkono na kalamu.

Mpangilio huu una historia ndefu. Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hulishika jambo kwa njia tatu: kwa kitendo, kwa taswira na kwa alama. Singapore ilijenga ufundishaji wake wa hisabati juu ya ngazi hizo tangu miaka ya 1980, kitu kwanza, kisha mchoro, kisha tarakimu. Walimu wengi wanaipenda ngazi ya kwanza na wanaidai ya tatu, ile ya kati wakaisahau.

Na usidhani kitu kinajieleza chenyewe. Mwaka 1987 Judy DeLoache, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio ambalo hunijia kichwani kila ninapoona meza iliyojaa zana. Mtoto mdogo alionyeshwa chumba kidogo cha mfano, mwanasesere mdogo akafichwa humo mbele ya macho yake. Kisha akaambiwa mwanasesere mkubwa amefichwa mahali pale pale katika chumba halisi. Watoto wa miaka mitatu wengi walimpata. Wa miaka miwili na nusu wengi hawakumpata, ingawa walikumbuka vizuri yule mdogo alikofichwa. Chumba kidogo kwao kilikuwa kitu cha kuchezea, hakikuwa habari kuhusu chumba kikubwa. Wanafunzi wako ni wakubwa kuliko hao, lakini tatizo ni la ukoo huo huo. Wewe ukiona fungu la vijiti unaona kumi. Mtoto anaona vijiti. Asipoelezwa, na yeye mwenyewe asipoeleza kwa mdomo wake, fungu litabaki kuwa kuni ndogo.

Kuhusu mtihani: kabla ya kuviondoa vijiti, vifunike. Weka mafungu manne na vijiti vitatu chini ya kitambaa, sema, "Nataka kuondoa vinane, humo ndani nitafanya nini?" Mtoto anayeweza kukuambia bila kuviona hahitaji tena vijiti. Asiyeweza, mfunulie, usimkaripie, rudi naye hatua moja. Na mtoto anayechora mistari na nukta zake pembeni mwa karatasi ya mtihani mwache achore. Ataacha mwenyewe siku atakapoona zinamchelewesha.

Nina wanafunzi sabini darasa la kwanza. Nikitoa visoda na kokoto, ndani ya dakika mbili vinaruka angani, kelele inafika darasa la saba, na nikikusanya nakuta nusu vimepotea. Semina zote wanatuambia vitendo, vitendo. Semina hizo zina washiriki ishirini na tano. — Amechoka

Pole sana. Hili ni swali la haki na huwa linajibiwa kwa maneno matamu yasiyosaidia.

Kwanza, watakichezea. Mtoto wa miaka sita akipewa kisoda kwa mara ya kwanza atakizungusha, atakigonga, atakirusha. Usishindane na hilo, lipe nafasi yake. Siku ya kwanza ya kitu chochote kipya iwe ya kukichezea tu, kwa dakika chache, na uwaambie wazi kwamba sasa ni kuchezea. Siku inayofuata kitu kile kile kitakuwa hakina ugeni, na utaweza kusema sasa ni kazi. Mwalimu anayeruka hatua hii hulipia katikati ya somo.

Pili, usiwape wote sabini kwa mpigo. Gawa darasa mara tatu. Theluthi moja wana vitu mkononi na wewe uko nao, wengine wana kazi ya daftari ambayo tayari wanaiweza. Narudia, ambayo tayari wanaiweza. Ukiwapa jambo jipya watakuja mmoja mmoja kukuvuta nguo, na kikundi chako cha vitendo kitasambaratika. Kesho zamu inahama.

Tatu, vitu vikae katika mifuko ya kitambaa iliyohesabiwa. Kila mfuko visoda ishirini, kwa watoto wanne. Mmoja wa wanne ni mtunzaji, na kazi yake ya mwisho ni kuvipanga viwili viwili au vitano vitano mezani kabla ya kuvirudisha. Umepata somo la kuhesabu ndani ya kukusanya. Mfuko ukipungua, kikundi kinatafuta chini ya madawati kabla ya kutoka.

Nne, na hili napenda walimu wa madarasa makubwa walichangamkie: una vitu sabini ambavyo havipotei. Ni watoto wenyewe. Watoke nje, wajipange makumi. Sabini ni makumi saba, na kila mtoto atalijua hilo kwa kuwa yeye ni mmoja wa walioshikana mikono. Siku wawili wakiwa wagonjwa, waulize kumi gani limevunjika na sasa kuna makumi mangapi na mamoja mangapi. Mpaka mgongoni mwa mtoto wa mwisho, hesabu itakuwa na mwili. Darasa la watoto kumi na watano haliwezi kufanya hivyo.

Kelele nayo ina aina zake. Pita katikati ya vikundi usikilize maneno. Kama unasikia "hapana, yangu ni nane, hesabu tena," kelele hiyo iache. Kama unasikia majina ya wachezaji wa mpira, kazi uliyowapa ni rahisi mno au imekwisha, wape nyingine.

Tahadhari moja nzito. Kwa darasa la kwanza epuka vitu vidogo sana kama shanga na mbegu kavu pale ambapo huwezi kumwona kila mtoto. Huingia puani na masikioni, na mbegu kavu ikikutana na unyevu huvimba, hapo kuitoa ni kazi ya daktari. Visoda vyenye kingo kali vipigwe bapa kwanza.

Mwanangu yuko darasa la kwanza, muhula unakaribia kwisha na daftari lake la hesabu lina kurasa nne. Nikimuuliza anasema tulipanga visoda. Jirani yake wa shule nyingine amejaza madaftari mawili. Nalipa ada ili acheze? — Baba mwenye wasiwasi

Baba, fanya jaribio moja leo jioni. Panga visoda sita kwa mstari, na chini yake sita vingine vikitazamana. Muulize kama mistari miwili ina visoda sawa. Atasema ndiyo. Sasa mstari wa chini utanue, uwe mrefu kuliko wa juu, bila kuongeza kitu mbele ya macho yake. Muulize tena. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba watoto wengi wadogo watasema ule mrefu una vingi. Wanaofika miaka sita au saba huanza kusema ni vile vile, umetanua tu.

Mtoto ambaye bado anaamini sita inaongezeka ikitanuliwa anaweza kujaza madaftari mawili. Ataandika 6 safi kabisa. Lakini sita yake bado haijatulia, na juu ya namba isiyotulia huwezi kujengea kujumlisha. Kinachoitwa kupanga visoda ndicho kinachoituliza, kwa kupanga, kutanua, kukusanya na kupanga tena. Wala si mtindo wa juzi. Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837 akiwapa mipira ya sufi na vipande vya mbao vya kupanga, na Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 aliwapa vitu vya kushika kabla ya kalamu.

Hata hivyo wasiwasi wako siupuuzi. Kuna madarasa ambako visoda vinatolewa ili watoto washughulike tu. Nenda kwa mwalimu, kwa heshima, umuulize swali hili hasa: visoda hivi vinampeleka mwanangu wapi, na nitajuaje amefika? Mwalimu anayejua anachokifanya atakujibu papo hapo, tena atafurahi umeuliza. Akikosa jibu, endelea kuuliza. Na mtoto usimuulize "mmejifunza nini," swali hilo hata mtu mzima humtoa jasho. Mpe visoda umwambie, "Nionyeshe mlichofanya."

Watoto wangu wanaimba ba be bi bo bu bila kukosea. Nikiwaonyesha "bo" peke yake, wanaanza kuimba toka mwanzo hadi wafike. Nifanye nini? — Mwalimu, darasa la kwanza

Wameshika wimbo, macho hayajashika kitu. Likate bango vipande. Andika kila silabi kwenye kisoda chake kwa wino usiofutika, uanze na chache: ma, ka, ba, ku, bu, bi. Visoda vikishachanganywa, hakuna mahali pa kuanzia wimbo.

Kisha mtoto ajenge. Aweke ka na ka, asome "kaka." Toa ka ya mwisho, weka ba, sasa ni "kaba." Toa ka ya kwanza, weka ba, "baba." Badili ya mwisho iwe bu, "babu." Kila mara amebadili kisoda kimoja na neno zima limegeuka, naye ndiye aliyeligeuza. Mtoto akishaonja uwezo huo huwa haachi, atakuja kukuonyesha maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote, na uyasome kwa sauti naye acheke. Kusoma neno lisilo na maana ni ushahidi mzuri kwamba hakariri.

Lugha yetu imeturahisishia sana hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, na irabu haibadiliki sauti. Mb, nd, ng' na ny zisubiri mpaka hizi zimekaa.

Kwa wanaochanganya b na d, kata herufi hizo kwenye karatasi ya msasa, ubandike kwenye kadi ngumu, mtoto azifuatishe kwa kidole huku akitamka sauti yake. Simama naye mwanzoni. Kidole lazima kianze pale kalamu inapoanza na kielekee inakoelekea. Kikizoea njia ya kinyume, mwandiko utarithi njia hiyo.

Kuna mtoto darasani kwangu hagusi udongo, gundi wala rangi. Analia. Nimlazimishe? — Mwalimu wa chekechea

Usimlazimishe. Mpe kijiti au brashi aguse kwa kutumia hicho, maji na kitambaa viwe karibu yake, na kazi yake ihesabiwe sawa na ya wenzake. Wengi husogea wenyewe wakiona wanaweza kunawa wakati wowote. Kama anasumbuliwa pia na nguo fulani, kelele au kuguswa, zungumza na wazazi wake ili aonwe na mtaalamu wa watoto.

Nilifanya somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nikawaambia vizito vinazama, vyepesi vinaelea. Mtoto mmoja akauliza, mbona meli ni nzito? Nikamwambia tutafika huko. Nifike vipi? — Darasa la pili

Fika kesho, swali likiwa bado moto. Mtoto huyo ameivunja kanuni kwa mfano mmoja, nayo ilistahili kuvunjwa.

Kila kikundi kipate donge la udongo wa mfinyanzi au plastisini na chombo cha maji chembamba kinachoonekana ndani. Kabla ya kugusa maji, kila mtoto achore anachodhani kitatokea. Bila mchoro huo, kila mmoja baadaye atasema alijua tangu mwanzo. Weka alama kwenye usawa wa maji. Donge lizamishwe, waweke alama ya pili. Walitoe, walikaushe, walifinyange liwe bakuli lenye kingo za kusimama, waliweke polepole juu ya maji. Litaelea. Udongo ni ule ule, uzito ni ule ule, hakuna aliyeongeza wala kupunguza.

Sasa watazame alama. Maji yamepanda juu zaidi bakuli likielea kuliko donge lilipozama. Wengi hawatalitarajia hilo, hivyo warudie. Bakuli limesukuma maji mengi kuliko donge, na maji yaliyosukumwa ndiyo yanayolibeba. Hiyo ndiyo meli. Wakiuliza kwa nini meli nyingine huzama, watoboe bakuli lao waone maji yakiingia mahali palipokuwa na hewa.

Udongo wa mfinyanzi hulainika ukikaa majini, basi usiuache humo. Somo limalizike kwa kila mtoto kuchora tena, pembeni ya ule mchoro wa mwanzo, na yule aliyeuliza kuhusu meli apewe nafasi ya kwanza kuwaeleza wenzake.